Namna ya Kutenda: Vitenzi vya Kiingereza Mbele ya Mwanafunzi wa Usambara

Kila lugha hulazimika kuamua, katika sentensi yoyote inayosimulia mwendo au tendo la mwili, ni sehemu gani ya tendo hilo itakayoingia ndani ya kitenzi chenyewe na ni sehemu gani itakayoachiwa maneno mengine, na uamuzi huo, ambao mzawa wa lugha haufanyi kwa kujua kwa kuwa lugha yake ilikwisha kuufanya zamani, ndio unaomkwaza zaidi mtu anayejifunza lugha ya pili. Katika wilaya ya Lushoto, na katika milima ya Usambara kwa jumla, watoto wengi huanza na Kisambaa nyumbani, husomeshwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha huingia sekondari ambako masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo uamuzi huo wa lugha huwafikia mara tatu kabla hawajawa watu wazima. Tafakari hii inahusu kipande kimoja tu cha safari hiyo, nacho ni kujifunza vitenzi vya Kiingereza vyenye kueleza, yaani vile ambavyo havitosheki kusema kwamba mtu alikwenda, alitazama au alichukua, bali hubeba katika neno moja jinsi alivyokwenda, kwa jicho gani alitazama na kwa mkono wa namna gani alichukua.

Mwanaisimu wa Kimarekani Leonard Talmy alionyesha kwamba lugha nyingi za dunia zinaweza kupangwa katika makundi mawili makubwa kwa kuangalia mahali zinapoiweka njia ya mwendo. Njia, katika maana hii, ni mwelekeo wa kile kinachosogea, kama ni juu, chini, ndani, nje au ng'ambo. Namna ni sura ya mwendo wenyewe, kama ni wa haraka, wa kuchechemea au wa kunyata. Kiswahili, kama Kihispania na Kifaransa, huiweka njia ndani ya kitenzi, na ndiyo maana kina vitenzi vifupi na imara vya kazi hiyo: panda, shuka, ingia, toka, vuka, pita, zunguka, rudi. Kiingereza hufanya kinyume, kwa kuiweka namna ndani ya kitenzi na kuiachia njia vijineno vidogo vinavyofuata, kama vile 'up', 'down' na 'into'. Mwingereza atasema kwa kitenzi kimoja kwamba msichana 'ran down the hill into the house', na Mswahili atasema kwamba msichana alishuka mlima akikimbia, akaingia nyumbani. Habari ni ileile, lakini mzigo umepangwa upya: vijineno viwili vya Kiingereza vimekuwa vitenzi viwili kamili, na kitenzi cha Kiingereza kimesogezwa pembeni, kikavishwa kiambishi -ki-, ambacho hapa kazi yake ni kuonyesha tendo linalokwenda sambamba na tendo kuu.

Mpangilio huo wa Kiswahili unaafikiana na maisha ya milimani. Barabara itokayo Mombo hadi mjini Lushoto, ambayo hupita Soni kwa mwendo wa kilomita zipatazo 33, humpandisha msafiri takriban mita 1,000, na kutoka mjini kwenda Magamba, Mlalo au Mtae hakuna hatua nyingi zinazopigwa katika ardhi tambarare. Anayeulizwa fulani amekwenda wapi hujibu kwanza kwamba amepanda au ameshuka, kwa sababu hilo ndilo linalomjulisha muulizaji kama mtu huyo atarudi mapema au jioni, na kama amekwenda shambani, sokoni au bondeni kuteka maji. Kama alikwenda kwa hatua ndefu au kwa kujikongoja ni habari inayokuja baadaye, kama itahitajika. Mtoto aliyezoea kuulizwa na kujibu hivyo huingia darasa la Kiingereza akiwa na jicho lililofunzwa kutafuta njia, akakuta lugha inayomdai namna kwanza.

Dalili ya mgongano huo huonekana katika insha za wanafunzi wa sekondari, si za Lushoto peke yake. Watu wote katika insha hizo huenda kwa kitenzi 'go', hutembea kwa 'walk', hutazama kwa 'look', na mwandishi anapotaka kuongeza jambo huongeza kielezi, aghalabu kile chenye maana ya polepole. Mzee mgonjwa anatembea polepole, mwizi anatembea polepole, bibi harusi anatembea polepole, mkulima aliyerudi kutoka shambani na mzigo wa kuni anatembea polepole, na msomaji hapati kuwaona hata mmoja wao. Mwalimu mwenye bidii huleta dawa iliyozoeleka, ambayo ni orodha ndefu ya vitenzi vya Kiingereza ubaoni, kila kimoja kikiwa na maana yake ya Kiswahili mbele yake, na wanafunzi hunakili, hukariri, na baada ya mtihani husahau. Wapo wanaoeleza kushindwa huko kwa kusema kwamba Kiswahili ni lugha maskini wa vitenzi vya namna, kwamba mtoto hawezi kushika kwa Kiingereza asichokuwa nacho katika lugha yake. Maelezo hayo si sahihi, na madhara yake ni makubwa kuliko kosa lenyewe, kwa kuwa humfundisha mtoto kuidharau ghala aliyotoka nayo nyumbani kabla hajaifungua.

Ghala hiyo ina vyumba kadhaa. Kimojawapo ni tanakali za sauti, ambazo wanaisimu wengine huziita viigizi, yaani maneno mafupi yanayoiga sauti, sura au hisia ya tendo. C. M. Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu aliyefanya kazi Afrika Kusini, alizipa nafasi yake rasmi miongoni mwa aina za maneno katika kitabu chake cha istilahi cha mwaka 1935, baada ya wanasarufi waliomtangulia kuzitendea kana kwamba ni makelele tu. Mtu huanguka pu, hutumbukia majini chubwi, hushika kitu ndi, hulala fofofo, hukaa tuli, hulowa chepechepe, na kamba hukatika ka. Mwingereza aliye mbele ya matukio hayohayo hana budi kutafuta kitenzi kingine kabisa: kuanguka pu kwake ni 'thud', kutumbukia chubwi ni 'splash', kushika ndi ni 'grip' au 'clutch'. Kwa hiyo pale ambapo Kiingereza hubadilisha kitenzi, Kiswahili hukiacha kitenzi kilivyo na kukitia sauti, na mwanafunzi anayejua ndi anajua tayari nusu ya maana ya 'grip', mradi mwalimu amwonyeshe kwamba nusu hiyo imehamia wapi.

Chumba kingine ni kitenzi piga, ambacho wageni hukiona kama neno la kuchapa tu na ambacho kwa kweli ni mlango wa matendo mengi ya mwili. Mtu hupiga teke, kofi, ngumi, magoti, miayo, mluzi, chafya, mbizi, hatua na mbio. Katika kila tendo kati ya hayo jina ndilo linalobeba sura ya tendo na piga hulipa uhai. Kiingereza kimeyafanya mengi ya majina hayo kuwa vitenzi vyenyewe, kama 'kick', 'slap', 'punch', 'kneel', 'yawn', 'whistle', 'sneeze' na 'dive'. Mwanafunzi akielezwa jambo hilo mara moja, kwa utaratibu, maneno kumi yaliyokuwa yametawanyika katika orodha huungana kuwa kanuni moja, na kanuni hukumbukwa kuliko orodha. Pia kuna kurudufu, yaani kulirudia shina la kitenzi, ambako hugeuza ruka kuwa rukaruka na kata kuwa katakata. Na kuna unyambuaji, yaani kuongeza viambishi mwishoni mwa shina, unaotofautisha anayevuta na anayevutana, aliyeshika na walioshikamana. Hayo yanatosha kutajwa tu, kwa kuwa kila kitabu cha sarufi kinayaeleza.

Linalostahili kukaliwa zaidi ni eneo ambalo mgawanyo wa Talmy haufui dafu, nalo kwa bahati njema ndilo eneo ambalo watu wa Usambara wanalijua vizuri kuliko watu wa nchi kame: maji na maporomoko. Hapa Kiswahili huweka namna ndani ya shina la kitenzi sawasawa na Kiingereza, na wakati mwingine kwa uangalifu mkubwa zaidi. Maji hububujika kutoka chemchemi, hutiririka katika mfereji, huchuruzika kwenye mwamba, hudondoka kutoka kwenye jani, hufoka penye ufa wa bomba, humiminika kutoka kwenye mtungi, huvuja kwenye paa na hupenya katika udongo. Na Kiingereza, kwa mpango huohuo, kina 'gush', 'flow', 'trickle', 'drip', 'spurt', 'pour', 'leak' na 'seep'. Vivyo hivyo katika kuanguka: mtu hujikwaa kwenye mzizi, huteleza kwenye tope, huserereka mteremkoni, hubingirika akifika penye mteremko mkali, jiwe hudondoka, na udongo wa kilima kilichokatwa miti huporomoka mvua za masika zinapozidi. Katika uwanja huo mwanafunzi wa Lushoto hahitaji kuongozwa kwa mkono, kwa maana mamake alimwonya kwa maneno hayo tangu alipoanza kusimama, na njia za miguu za Usambara hazimruhusu mtu kuchanganya kuteleza na kuserereka kwa muda mrefu. Kama somo la vitenzi vya kueleza lingeanzia hapo, katika maji na tope, badala ya kuanzia katika mitindo ya watu wa mjini ya kutembea, mtoto angekutana na Kiingereza kwa mara ya kwanza kama lugha inayotazama dunia kwa macho yanayofanana na yake, na angekuwa na imani ya kutosha atakapofika mahali macho yanapotofautiana.

Mahali hapo ni pa kutembea na kutazama. Hata hapa Kiswahili si kikavu, ila maneno yake yamelala kwa kutotumiwa darasani. Aliyelewa au aliyezimia nusu hupepesuka, aliyeumia mguu huchechemea, mzee mwenye fimbo hujikongoja, aliyechoka hujikokota, anayeogopa kuamsha watu hunyata, mwindaji humnyemelea au humnyatia mnyama, asiye na mahali pa kwenda hutangatanga. Kwa Kiingereza hao ni 'stagger', 'limp', 'hobble', 'trudge', 'tiptoe', 'stalk' na 'wander', na ingawa mipaka ya maneno haikutani sawasawa, ukaribu ni mkubwa kiasi cha kumfaa mwanafunzi yeyote. Hata hivyo desturi iliyoenea katika kufasiri ni kuanza kila maana kwa kutembea na kuongeza maelezo baada ya kwa: kutembea kwa kuyumbayumba, kutembea kwa taabu, kutembea kwa uangalifu bila kutoa sauti. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanapogeuzwa kuwa desturi humnyima mtoto mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa sababu Kiingereza humjia kama rundo la aina za kutembea zisizotofautiana, na kupepesuka na kunyata hazimfikii hata kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imewafaa watu wengi sana, na hakuna kamusi inayoweza kulaumiwa kwa kueleza. Wajibu wa kulitafuta neno hai ni wa mwalimu, na ni wajibu unaohitaji mwalimu mwenye Kiswahili kipana, jambo ambalo mafunzo ya walimu wa Kiingereza hayana desturi ya kulidai.

Katika kutazama, tofauti ni ya aina nyingine. Kiingereza hulificha jicho ndani ya kitenzi, na Kiswahili hulitaja. Anayefanya 'stare' kwa Kiswahili hukodoa macho, anayefanya 'glance' hutupa jicho, anayefanya 'gaze' hukaza macho. Na anayefanya 'peep' peke yake ndiye aliyepata kitenzi kimoja kilicho sawa na chake, kwa kuwa huchungulia. Mwanafunzi anayejaribu kufasiri moja kwa moja hujikuta akiandika kwa Kiingereza juu ya macho yaliyotupwa, akashangaa kwa nini msahihishaji ameweka alama nyekundu. Hajakosa fikra wala picha. Amekosa kuambiwa kwamba jicho, likivuka mpaka wa lugha, hutoweka.

Kisha kuna maana ambayo haiko katika mwili wa mtendaji bali katika moyo wa msimulizi. Vitenzi vingi vya Kiingereza vya kueleza hutoa hukumu: anayefanya 'strut' anatembea kwa maringo na msimulizi hapendezwi naye, anayefanya 'lurk' amejificha kwa nia ambayo msimulizi ameshaishuku. Wasemaji wa Kiswahili wanalijua jambo hilo kwa uchungu, kwa kuwa lugha yao ina kitenzi zurura, na kuzurura hakutofautiani na kutembea kwa hatua wala kwa kasi. Kunatofautiana kwa kuwa msemaji amekwisha kuamua kwamba anayetembea hana shughuli halali. Uzururaji uliingia katika sheria za jinai za wakati wa ukoloni na ukabaki katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na kijana aliyekamatwa mjini jioni ameweza kufikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya uamuzi huo wa mtu mwingine juu ya matembezi yake. Mwanafunzi anayefundishwa 'loiter' bila kuelezwa habari hiyo amefundishwa kutamka tu.

Katika historia ya Usambara yenyewe wapo waliofanya kazi hii ya kujifunza vitenzi kwa upande wa pili. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1810 na kuajiriwa na chama cha kimisionari cha Uingereza, alitembea kutoka pwani hadi Usambara mwaka 1848, akapokewa na Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Wakilindi ambaye makao yake makuu yalikuwa Vuga, na akarudi tena mwaka 1852. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni kwamba Krapf alikuwa mwanafunzi wa lugha zote mbili alizoziweka ubavu kwa ubavu. Kiingereza alichokitumia kuelezea vitenzi vya Kiswahili hakikuwa lugha ya mamake. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kulinganisha kwa maandishi vitenzi vya lugha hizi mbili, basi, yumo mgeni wa pande zote, aliyelazimika kuuliza mara kwa mara na kutazama watu wakitenda, na huenda ndiyo sababu kamusi yake imejaa maelezo marefu ya matendo na desturi mahali ambapo wenye kamusi za baadaye waliona neno moja linatosha.

Wenyeji aliowatembelea hawakuwa watu wa kuuchukulia wepesi uzito wa kitenzi. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wa Usambara na fikra zao za kisiasa, ameonyesha kwamba mjadala mrefu wa Wasambaa juu ya mvua, njaa na utawala uliendeshwa kwa kauli mbili za vitenzi, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mtawala alipimwa kwa kuulizwa ni lipi kati ya hayo analotenda. Kwa hiyo mtoto wa Kisambaa anapofika mbele ya orodha ya vitenzi vya Kiingereza hatoki katika utamaduni unaoyaona maneno ya matendo kuwa mapambo ya insha.

Kuhusu njia za kufundishia, mawazo yenye manufaa yapo tangu zamani. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi Japani, alitoa mwaka 1925 kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo, na miongo kadhaa baadaye mwanasaikolojia wa Kimarekani James Asher aliijenga mbinu ya kuitikia kwa mwili mzima, ambamo mwalimu hutoa amri na wanafunzi huitekeleza kabla hawajadaiwa kuisema. Mbinu hiyo hukwama pale inapoishia kwenye amri za kusimama, kukaa na kufuta ubao, ambazo mtoto wa Kitanzania huzielewa mapema kwa kuwa ndizo amri za shule. Nguvu yake huonekana pale mwanafunzi mmoja anapopewa kikaratasi chenye kitenzi, akatembea mbele ya darasa, na wenzake wakabishana kama alichechemea au alijikongoja, wakibishana kwanza kwa Kiswahili, kisha wakatafuta Kiingereza chake. Ubishi huo wa Kiswahili ndio moyo wa somo, na mwalimu anayeukataza kwa sababu ya kibao kinachosema kwamba hapa huzungumzwa Kiingereza tu ameondoa kitu ambacho Kiingereza kingeshikwa nacho. Kifaa kingine kizuri ni kitabu cha picha kisicho na maneno cha Mmarekani Mercer Mayer, kilichotoka mwaka 1969, kinachosimulia mvulana na mbwa wanaomtafuta chura aliyetoroka. Wanaisimu wamekitumia katika nchi nyingi kuona wasemaji wa lugha mbalimbali husimulia vipi matukio yaleyale, na matokeo yaliyokusanywa katika kitabu cha mwaka 1994 yalionyesha wazi kwamba wasemaji wa Kiingereza hutaja namna ya mwendo mara nyingi zaidi kuliko wasemaji wa lugha kama Kihispania, wanaokaa zaidi juu ya njia na mandhari. Mwanafunzi wa Lushoto akiambiwa asimulie picha hizo kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, ataiona tofauti kwa macho yake mwenyewe, na hatahitaji kuambiwa kwamba moja kati ya lugha hizo ni pungufu.

Nje ya darasa, wapo watu ambao tayari wanaishi kwa vitenzi hivi. Waongoza watalii wa Lushoto, wanaowapitisha wageni katika msitu wa Magamba, wanaowafikisha Irente kwenye ukingo wa genge linalotazama tambarare za Mazinde, na wanaotembea nao kwa siku kadhaa kupitia vijijini hadi Mtae, hujifunza Kiingereza kwa kulazimishwa na ardhi. Mgeni aliye ukingoni hapaswi kuambiwa aende nyuma. Anapaswa kuambiwa 'step back', kwa hatua moja, sasa hivi, na mwongozaji aliyechanganya kuteleza na kujikwaa atamfanya mgeni atazame mizizi wakati hatari iko kwenye tope. Akifika mahali pa kinyonga, mnyama ambaye jina lake la Kiswahili lilipewa jenasi nzima ya kisayansi, Kinyongia, mwaka 2006, atatakiwa kueleza jinsi kiumbe huyo anavyoyumba mbele na nyuma kabla ya kukanyaga, na 'walk slowly' haitamfaa. Waongozaji hao hujua vitenzi vichache kuliko mhitimu wa kidato cha nne aliyekariri orodha, lakini vile wanavyovijua wanavijua pamoja na mwili, mahali na matokeo, na kwa kipimo chochote cha haki hicho ndicho kiwango cha juu zaidi cha kukijua kitenzi.

Mjini Lushoto kuna taasisi nyingine ambako jambo hili lina uzito mkubwa kuliko insha na utalii, nayo ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambako watumishi wa mahakama kutoka kila pembe ya Tanzania hupata mafunzo. Kwa miongo mingi lugha ya mahakama za mwanzo ilikuwa Kiswahili, lakini katika mahakama za juu yake shahidi alizungumza Kiswahili na hakimu aliandika kumbukumbu kwa Kiingereza, kwa mkono wake, akifasiri papo hapo bila msaidizi. Kila kitenzi cha shahidi kilipita katika kalamu hiyo. Aliyesema kwamba mshtakiwa alimdunga kisu, alimchanja au alimkata alikuwa ameeleza majeraha matatu tofauti, na daktari aliyejaza fomu ya polisi namba 3, ambayo watu huiita PF3, naye aliyaeleza kwa Kiingereza chake. Kitenzi cha shahidi na kile cha daktari visipopatana, wakili wa utetezi alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini. Majaji wa rufaa walisoma Kiingereza hicho peke yake. Sauti ya shahidi na neno lake havikuwafikia.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza kutumika pale haki inapohitaji hivyo, na mwelekeo wa kazi ukageuka: sasa sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ndizo zinazotakiwa kuingia katika Kiswahili, na anayezifasiri anahitaji kuvijua vitenzi vya pande zote kwa undani uleule. Kanuni ya Adhabu hutofautisha wizi na unyang'anyi kwa kuangalia kama mwizi alitumia nguvu au alitishia kuitumia, wakati wa kuiba, kabla tu au mara baada ya hapo; na iwapo silaha ilitumika, adhabu haipungui kifungo cha miaka 30. Shahidi wa sokoni hasemi wizi wala unyang'anyi. Husema kwamba kijana alimchomolea pesa, au alimkwapulia simu, au alimpora mkoba, au alimnyang'anya. Kuchomoa kuna siri ndani yake, na aliyechomolewa huenda hakuhisi kitu. Kupora na kunyang'anya kuna nguvu iliyo wazi. Kukwapua, ambako Mwingereza angekuita 'snatch', kuna kasi na mshtuko, na neno lenyewe halisemi kama mkono wa mwenye simu ulishikwa, ulisukumwa au uliachwa hewani. Hakimu anayelisikia neno hilo, kwa lugha yoyote atakayoliandika, ana wajibu wa kumrudia shahidi na kumuuliza alimkwapulia vipi, na kuandika jibu lake lote kabla ya kuendelea na swali linalofuata.